Kamera Isiyo na Pazia

Waliokuwepo siku ile gari letu liliposimamishwa kati ya Magara na Gitaza ni hawa: Bukuru, shoferi wa kamyoneti, Pasta Eliya, aliyekuwa anakwenda Bujumbura kuombea mgonjwa, Mama Sifa, mchuuzi wa ndagala (dagaa wa ziwa) wa Magara, mimi Zaituni, mpiga picha, na wanaume wanne wenye bunduki ambao majina yao sikuyauliza. Hakuna mwingine. Nayataja majina mwanzoni kwa sababu tangu nirudi Rumonge nimekuta nusu ya soko inasimulia habari hii kana kwamba ilikuwa imekaa juu ya mabido, yaani madumu, ya mawese pamoja nasi. Wapo wanaosema nilipigwa. Wapo wanaosema nilimpiga mtu. Ninyi rafiki zangu mmeniuliza kwa nia njema, basi nawaandikia nilivyoona mwenyewe, kituo kwa kituo. Mambo ya ruhusa na karatasi nayaruka. Hayakuwa na ladha yalipotokea, na hayataipata yakiandikwa.

Nyanza-Lac, chumba cha ndani

Kazi yangu mnaijua. Baba alikuwa na studio karibu na bandari, na vita vilipowachukua yeye na mama, mimi niliyekuwa mkubwa niliacha shule mwaka wa sita nikashika kamera. Wadogo zangu Idi, Hawa na Saidi wamekula kutokana na picha tangu siku hiyo. Sijawahi kuona aibu. Darasa linaweza kungoja, tumbo la mdogo wako haliwezi.

Kamera ya baba ilikuwa ya filamu. Filamu ilipelekwa Bujumbura kusafishwa, na wasafishaji walikuwa wanaume. Ndiyo maana katika harusi za Waislamu wa ufuko huu hakuna mpiga picha aliyewahi kuingizwa chumba cha ndani, pale bibi harusi anapopakwa hina na kufundwa, kichwa wazi, mabega wazi, akiwa na wanawake wenzake tu. Mambo yalibadilika binamu ya marehemu baba aliponiletea kutoka Ulaya kamera ya dijitali, ile sisi tunayoiita numerike. Haitaki filamu, haitaki msafishaji. Na Buyenzi, Bujumbura, yuko Mama Nuru mwenye ordinateri, hiyo kompyuta, na mashine ya kutoa picha, anayefunga mlango wake na kuzitoa kwa mkono wake. Kutoka kwenye kamera hadi kwenye karatasi, picha hazipiti mbele ya mwanaume hata mmoja. Nilipowaeleza hivyo akina mama, milango ya ndani ikaanza kunifungukia, kuanzia Rumonge mpaka Nyanza-Lac.

Harusi hii ilikuwa ya Rukia, binti wa Nyanza-Lac. Nilipiga picha mpaka vidole vikanuka udi. Tulipomaliza, Mama Rukia alinishika mkono.

"Zaituni, wewe ni mtoto wa watu. Nakupa amana moja. Jicho la mwanaume lisizione hizi."

"Halitaziona."

"Hata baba yake?"

"Hata baba yake, mama."

"Na mtu akikunyang'anya hicho kidude?"

Hapo nilikuwa na jibu. Katika orodha ya kamera nilikuwa nimeona mchoro wa ufunguo. Nikakaa nao chini, nikaweka ufunguo kwenye kila picha ya ndani, moja baada ya nyingine, na kila moja ikapata kialama cha ufunguo wa manjano pembeni. "Nimezifunga," nikasema. Bi Tausi, somo wa bibi harusi, aliichukua kamera akaisogeza karibu na jicho lake zima, akauona ufunguo, akarudisha.

"Kumbe wazungu nao wamefundwa," akasema, na chumba kizima kikacheka.

Niliamini kwamba kamera ikizimwa na kuwashwa tena, zenye ufunguo hazitaonekana mpaka mwenyewe azifungue. Sikujaribu kuhakikisha, na sababu ni betri. Kamera hii haitumii mawe ya radio yanayouzwa kila duka. Ina betri yake ya peke yake, bapa kama biskuti, na ninayo moja tu. Ikiisha, umebeba jiwe. Kwa hiyo nilikuwa naiwasha kwa uchoyo.

Na kwa kuwa mmeniuliza kama kamera yenyewe ni nzuri, nitasema. Picha zake ni nzuri. Lakini aliyeichora hajawahi kufanya kazi kwenye vumbi. Kifuniko cha betri hakishiki, nimekibana kwa mpira niliokata kwenye tyubu ya baiskeli. Kitufe cha kutazama picha na kitufe cha kufuta viko bega kwa bega, kama choo kilichojengwa kando ya jiko. Juani kioo chake hakionyeshi kitu, hadi nijifunike kanga kichwani, kama baba na kitambaa chake cheusi zamani. Na ukiiwasha inaimba. Wimbo mdogo, wa furaha, kwa sauti ambayo sikujua namna ya kuizima.

Nyanza-Lac hadi Rumonge

Nilipata nafasi kwenye kamyoneti ya Bukuru. Gari ni la bosi wake lakini Bukuru analizungumzia kama mke. Tulipakia mabido ya mawese, nami nikakaa mbele.

Tairi ilitoboka mara tu tulipouacha mji. Tulingoja mbele ya kinu cha mawese Bukuru akiziba, na mzee mmoja mwenye shamba la michikichi akaja kuniomba nimpige picha. Nilikuwa na uchoyo wa betri, lakini alikuwa amekwisha kuvaa koti. Nikampiga, nikamfunika kanga aone kioo. Alijitazama kwa muda mrefu, akatoka chini ya kanga, akanishukuru na kunipa ndizi mkungu mzima.

"Murakoze cane, mwanangu."

"Karatasi nitakuletea nikirudi, mzee."

"Karatasi ya nini? Nimekwisha kujiona."

Bukuru alicheka mpaka Rumonge. "Dada Zai, huyo ndiye mteja. Anaangalia tu, hadai kitu."

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika, betri haikupata chochote. Hawa alikuwa amepika maharage kwa mawese na mihogo. Saidi akataka kuona bibi harusi. Nikamwambia yeye ni mwanaume. Akasema yeye bado. Idi akamwambia, "Jana uliomba wembe wa kunyoa ndevu," na hapo mjadala ukaisha. Asubuhi nikawaachia mkungu wa ndizi, nikaondoka.

Rumonge hadi Magara

Barabara ya kwenda Bujumbura ilikuwa inafunguliwa na kufungwa kama duka la mtu mvivu. Tulikaa kwenye kizuizi cha kutokea mjini tukila mandazi mpaka yakaisha, na hapo ndipo Pasta Eliya alipojiunga nasi. Ni mtu mwema. Ana kasoro moja tu, hawezi kunyamaza akiulizwa, na hata asipoulizwa.

"Binti, unafanya kazi gani?"

"Napiga picha, Pasta."

"Photographe! Bukuru, umesikia? Tunasafiri na photographe."

Tulifika Magara mchana, na pale tukaambiwa mbele kuna risasi, hakuna gari linalopita. Magara mnaijua: ufuko wa kokoto, mitumbwi imevutwa juu, ndagala zimetandazwa juani zinang'aa kama vipande vya bati. Wavuvi hutoka usiku na taa zao, na asubuhi wachuuzi wanagombania mzigo. Mmoja wa wachuuzi hao ndiye aliyetufuata garini.

"Shoferi, kesho unapita Bujumbura? Uniwekee nafasi. Na huyu mutoto analala wapi?"

"Mimi, mama? Ndani ya gari."

"Ndani ya gari unalala na nani, na mabido? Kuja."

Huyo ndiye Mama Sifa. Ametoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi, na Kiswahili chake ni cha huko. Alinipikia bugali wa mihogo na ndagala mbichi zilizochemshwa na pilipili, akaniangalia nikila kama mtu anayehesabu tonge. Nilipofungua mfuko kutoa kanga akaona kamera.

"Hiyo iko foto?"

"Ndiyo, mama."

"Inatoa karatasi?"

"Karatasi inatoka Bujumbura. Nitairudisha nikipita."

Akanisogezea sahani. Kisha akaniambia kwamba ana watoto watatu, wanaume, wako Baraka na wake zao, na kuvuka ziwa siku hizi ni kununua kifo. Watu waliokimbia kutoka huku walifika huko wakasema Magara imeungua na waliokuwemo wamekwisha.

"Batoto bangu bamekwisha kufanya matanga," akasema. "Balinilia, bakakula, bakamaliza. Mimi niko huku natandaza samaki."

"Hujatuma salamu?"

"Nimetuma. Mara nyingi. Banasema ni watu banatafuta kuwakula feza. Maneno bamesikia mengi. Sura yangu hawawezi kuikatalia."

Asubuhi mitumbwi ilirudi na mzigo mzuri, na kutoka kwenye zilizokauka Mama Sifa akajaza beseni mpaka likawa na mlima. Alijifunga kitenge kipya, akalikumbatia beseni, akasimama akiwa ameupa ziwa mgongo.

"Beseni lionekane lote," akasema. "Wakiona sura peke yake watasema nimekonda, nakufa na njaa. Nataka waone mama yao iko na kazi."

Nikampiga. Ilikuwa picha nzuri, ndagala ziliutupia uso wake mwanga kutoka chini. Nikamfunika kanga, akajiona, akaniambia, "Hapo sawa. Sasa chakula cha jana sikudai tena, tumelipana." Akaichukulia hesabu imefungwa. Barabara ikafunguliwa, tukapanda. Pasta akakaa katikati, mimi mlangoni. Mama Sifa alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma juu ya mabido, beseni likiwa mapajani.

Magara hadi Gitaza

Pale barabara inapobanwa kati ya mlima na ziwa, tulikuta mti umelazwa barabarani. Walitoka wanne. Sitasema walikuwa wa upande gani, maana siku zile sare zilikuwa zinavaliwa na yeyote aliyezipata. Mkubwa wao alikuwa kijana wa umri wangu mwenye radio ndogo shingoni inayonong'ona habari.

Tulishuka sote, tukapanga mstari kando ya gari. Mama Sifa alisimama kushoto kwangu na beseni lake. Walifungua mabido, wakanusa. Walifungua mfuko wa Pasta, wakakuta Biblia na soksi. Walifungua mfuko wangu, wakakuta kamera.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, shefu."

"Unapiga picha za position zetu."

"Napiga picha za harusi."

Pasta akaona anisaidie. "Shefu, huyu ni photographe mkubwa sana, anajulikana ufuko wote, kila mtu anamjua."

"Kumbe mwandishi wa habari," yule kijana akasema.

"Hapana, photographe..."

"Pasta," Bukuru akamwambia taratibu, "omba kimoyomoyo."

Kijana akabonyeza kitufe cha kuwasha, na kamera ikaimba. Wale watatu wengine hawakuwa wametegemea wimbo. Nilisikia bunduki zikikokiwa, na Pasta akalala chini kwenye lami bila kuambiwa. Hapo ndipo niliposema moyoni kwamba mtu aliyechora mashine hii angeiwekea kitufe kimoja tu cha kuinyamazisha, kitufe ambacho kidole kinaweza kukipata bila kusoma kitabu.

"Ni salamu yake tu, shefu," nikasema. "Inawasalimia wote."

Aligeuza kioo huku na huku. Jua lilikuwa la mchana. "Mbona haina kitu?"

"Mpaka ujifunike."

Akanitazama kuona kama namcheka. Sikucheka. Akachukua kanga yangu, akaitia kichwani. Aliiona picha ya mwisho, ya Mama Sifa, kwa sababu nikamsikia akisema chini ya kanga, "Ni huyu mama na samaki." Wenzake wakaanza.

"Shefu amevaa kanga."

"Bibi harusi ni huyo, Pasta amka umfungishe ndoa."

Akaivua haraka, uso umeiva, akanitupia vyote viwili. "Jifunike wewe. Zitafute zote, moja moja, na ukiikuta ya harusi unionyeshe. Kama hakuna harusi, utanieleza ulikuwa unapiga nini."

Wakati huo nilikuwa bado nimetulia. Nilijua za ndani zimefungwa, na zipo kadhaa za nje, za msafara wa bwana harusi, zinazotosha kumwonyesha. Nikaingia chini ya kanga. Nikapita Mama Sifa, nikapita mzee wa koti, nikabonyeza tena. Rukia. Kichwa wazi, anacheka, nywele zimemwagika begani, mafuta yanang'aa shingoni. Na pembeni, ufunguo wa manjano umekaa kimya.

Sasa sikieni nilichokielewa hapo kuhusu ufunguo ule. Haukuwa wa kuzuia macho. Picha za ndani zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kidole, nazo zilisimama katikati ya za mzee wa koti na za msafara. Kumwonyesha harusi ya nje, lazima nipitie chumbani.

Sikufikiri sana. Niliyempa neno ni Mama Rukia, na neno lile ndilo linalofungua milango, na milango ndiyo inayolisha watoto wa nyumbani kwetu. Zaidi ya hayo, ni neno. Nikasema afadhali nirudi na kamera tupu. Kidole kikahama kutoka kitufe cha kutazama kwenda jirani yake. Futa moja, au futa zote? Zote. Una hakika? Ndiyo. Kidude cha saa kikazunguka kidogo, kikaisha.

Na Rukia akarudi akicheka, na ufunguo wake.

Kumbe ufunguo ulikuwa wa kuzuia kufuta. Mzee wa koti amekwenda, msafara umekwenda, Mama Sifa na mlima wa ndagala zake amekwenda. Zilizobaki ni zile tu nilizoziwekea ufunguo kwa mkono wangu, mbele ya mashahidi.

"Umeipata?" kijana akauliza, nami nikaona viatu vyake vikisogea.

Chini ya kanga nikaufyatua mpira wa tyubu. Kifuniko ambacho nimekilaani tangu siku ya kwanza kilifanya kazi yake, kikafunguka chenyewe, betri ikadondoka. Ilidondoka kushoto, ndani ya beseni. Nikaisikia ikizama kwenye ndagala kama samaki mwenzao. Nikatoka chini ya kanga na kamera imekufa, lenzi yake imebaki nje kama shingo ya kobe.

"Moto umekwisha, shefu."

"Umekwisha sasa hivi?"

"Umekwisha."

Mama Sifa hakunitazama. Alitia mkono kwenye beseni, akazipanga samaki zake taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Kijana hakuwa mjinga. Akavua radio yake shingoni, akaitoa mawe, habari zikakatika katikati ya neno. Wenzake wakanung'unika. Akajaribu kuyaingiza mawe kwenye kamera, kwa kichwa, kwa mkia, kwa ubavu.

"Hayaingii," nikasema. "Inataka ya kwake ya peke yake."

"Nani anatengeneza kitu kama hiki?"

"Na mimi huwa najiuliza."

Akairudishia radio mawe yake. Kisha akasema kamera inabaki. Atapata mtu wa kuiwasha, na siku hiyo atajua mimi ni nani. Bukuru alikuwa amekwisha kufungua mlango wa gari. "Dada Zai, twende. Tutanunua nyingine."

Nikakaa chini barabarani. Si kwa ushujaa, miguu ilikuwa imechoka kusimama, lakini nilipokwisha kukaa nikaona ndipo pangu. "Kamera ikibaki, nami nabaki. Ina amana ya watu ndani."

"Amana gani?"

"Picha za chumba cha wanawake. Niliahidi hakuna mwanaume atakayeziona. Kwa hiyo nisingekuonyesha hata moto ungekuwepo."

Pasta akafumba macho. Kijana akaigeuza kamera mkononi. "Una mama?"

"Hana," Mama Sifa akajibu kabla yangu, japo hakuwahi kuniuliza. "Mimi ndiye niko naye leo. Na weye, mwanangu, leo umekula nini? Utakula hiyo plastiki? Tuachie kidude, uchukue ndagala."

"Beseni zima?"

"Beseni ni yangu. Samaki zote ni zako."

Wale watatu wakasogea kabla ya mkubwa wao kujibu, mmoja amekwisha kutandika turubai. Lakini beseni halikupinduliwa. Mama Sifa alichuchumaa akawa anatoa ndagala kwa viganja viwili, ujazo kwa ujazo, akisema samaki wa kupewa hamwagwi, anapakuliwa. Walimngoja kwa heshima kama wajukuu. Kuna wakati kiganja kimoja kilirudi kujifunga kilemba vizuri, kisha kikaendelea kupakua.

Kijana akanirudishia kamera. "Mwambie bibi harusi wako," akasema, "kwamba alipita kwetu."

Waliuondoa mti wao wenyewe.

Gitaza

Gitaza tulisimama kando ya barabara, mbele ya vitanda vya kukaushia. Tulikula muhogo wa kuchoma. Mama Sifa akafungua kilemba, akanipa betri. Ilikuwa inanuka ndagala, na mpaka leo inanuka.

"Mimi naishia hapa," akasema. "Bujumbura nitakwenda kuuza nini? Washa kidogo nione ile sura yangu, nijue nilitoka namna gani."

Ningeweza kumwambia moto umekwisha. Nilikwisha kulisema mara moja siku ile na lilikuwa limezoea mdomo. Lakini huyu hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo.

"Mama, haipo. Nilifuta zote nikitaka kuficha za bibi harusi. Zake zikabaki, yako ikaondoka."

Alitafuna muhogo wake mpaka mwisho.

"Basi nimekufa mara ya pili," akasema, na akacheka, kicheko kifupi. Pasta akaanza kusema neno la faraja, Bukuru akampa muhogo mwingine.

"Samaki zako nitazirudisha, mama. Na picha nakupiga sasa hivi. Simama tu hapo."

"Samaki ni za ziwa, ziwa halidai mutu. Foto utanipiga na nini?" Akaligeuza beseni juu chini, magamba machache yakaanguka. "Batoto baone beseni tupu? Baseme mama yuko hai lakini anakufa na njaa? Hapana. Utakuja siku likiwa limejaa."

Nikamwomba. Akakataa kwa upole lakini kabisa, kama anayekataa bei. Gari lilipoondoka alikuwa amekwisha kulitia beseni kichwani, anatafuta wa kumrudisha Magara.

Buyenzi

Mama Nuru alinifungulia mlango, akavuta hewa. "Harusi hii ilifungwa wapi, sokoni?" Nikamsimulia wakati betri inapata moto. Kadi ya kamera, inayobeba picha, ikaingia kwenye ordinateri yake, na Rukia na wenzake wote wakatokea, wazima, hata mmoja hakukosekana. Tukafunga mlango, tukazitoa moja moja kwenye karatasi, tukazitia kwenye bahasha, tukaifunga kwa gundi.

Maneno mengi yalitupata tukingoja mashine. Mama Nuru ni mpiga picha pia, na wapiga picha wawili wakikutana huchora upya dunia. Yeye anataka kadi iwe kubwa kidogo, ya mtu kuandika jina juu yake. Za sasa ni kama ukucha, amewahi kuitafuta moja kwenye pilau. Anataka kamera iwe na sehemu ya kufunga kamba pande zote mbili, isining'inie kama mbuzi aliyefungwa mguu mmoja. Mimi nikasema kitufe cha kufuta kihamishwe mtaa wa mbali. Nikasema betri iwe ya mawe ya radio, kisha nikakumbuka, nikaondoa neno langu.

"Na ufunguo?" akauliza.

"Ufunguo ubaki. Lakini waongeze pazia."

"Wazungu watajua pazia ni nini?"

"Wamejengewa nyumba zenye madirisha, watajua."

Akaenda ndani akaleta kipande cha kitenge. Pazia tukalishona wenyewe, likashuka juu ya kioo, na kifungo cha shati cha kulibana. Wimbo wa kuwasha aliuzima yeye, kwa subira, akipita orodha baada ya orodha. Kamera yangu sasa ni ya kimya na ina stara.

Kurudi

Wakati wa kurudi nilimwambia Bukuru asipite Magara bila kusimama, na hakubisha. Nilikuwa na betri iliyojaa na kadi yenye nafasi. Ufuko ulikuwa kimya. Walikuwa wamekatazwa kutoa mitumbwi, na hakuna aliyejua mpaka lini. Mahali pa kutandazia palikuwa kokoto tupu. Mama Sifa alikuwa mlangoni anashona wavu wa mtu, na beseni limeegemezwa ukutani, ndani yake amelala kuku.

"Umekuja mapema," akaniambia.

"Tuazime samaki popote, mama. Tujaze juu tu. Picha haijui chini kuna nini."

"Bangu banajua samaki. Batajua ni za kuazima." Akanipa maji ya kunywa. "Nenda nyumbani kwa wadogo zako. Ziwa likifunguliwa utasikia."

Nikaenda Nyanza-Lac baadaye na bahasha. Mama Rukia aliifungua chumbani, akazitazama zote, akanikumbatia, na tangu hapo nimeitwa kwenye vyumba vingine. Mzee wa koti nilimkuta kwenye kinu chake, nikamwambia picha yake imefutika. Akasema haina neno, alikwisha kujiona. Bukuru hana neno nami, na Pasta ananiombea bila kuulizwa.

Kadi yangu huwa siijazi tena mpaka mwisho. Naacha nafasi ya picha moja, na betri inayonuka ndagala hailali bila moto. Kila kamyoneti inayotoka kaskazini nauliza habari za ziwa, na mpaka ninapoandika hili jibu ni lile lile, bado limefungwa. Mengine yote nimelipa. Deni lililobaki ni beseni moja lililojaa na mwanamke mmoja aliyelikumbatia, kwa ajili ya wanaume watatu wa ng'ambo ambao wamekwisha kuanua matanga, na bado wana mama.